Maji ya Kutema Chini ya Mangea

Vijana wangu, mnanichosha, na sisemi kwa utani. Mnanijia barazani mmoja mmoja na swali lile lile: "Babu Athmani, safari ya miguu ya siku kadhaa, nibebe maji kiasi gani kwa kila mtu?" Nikianza kujibu mnatoa simu. Nikifika kwenye habari ya mtungi mnasema, "Babu, hadithi baadaye, kwanza tupe jibu." Hadithi ndiyo jibu lenyewe! Basi nimeamua kuiandika, maana karatasi haina mtu wa kuikatiza. Atakayeruka mistari na aruke, akanywe jasho lake huko nyika.

Kazi yangu ilikuwa kupanga safari za miguu. Sisemi kuongoza, nasema kupanga. Anayeongoza hutembea mbele, akapigwa picha na kusifiwa. Anayepanga hukumbukwa siku mkate unaponuka mafuta ya taa. Na ulinuka, msidhani natoa mfano tu. Nilifunga chupa ya mafuta na gunia la unga upande mmoja wa punda, kizibo kikalegea, na wageni wa watu wakala chapati ambazo ungezisogeza karibu na kiberiti zingewaka. Tangu siku hiyo mafuta ya taa yalikaa upande wa kushoto wa punda na chakula upande wa kulia, na mpaka leo nikienda dukani sukari naishika mkono wa kulia. Mke wangu hucheka. Na acheke.

Aliyenifundisha ni marehemu Bwana Nassoro, Mungu amrehemu, mwenye kiofisi kidogo karibu na soko la Malindi. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wageni hotelini na kuwatembeza: Mnarani kwenye magofu, Jilore mtoni, na wenye miguu mizuri akawapeleka ndani zaidi. Mimi nilikuwa kijana, miaka hiyo ya themanini, darasa la saba nimelimaliza kwa kusukumwa, mchangamfu kupita kiasi, kichwa kimejaa milima. Nasema milima, na mimi ni mtoto wa Malindi! Kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kupanda ni paa la shangazi yangu, na huko nilikwenda kutoa mpira.

Safari ya kwanza aliyoniachia nipange, nilitia mwavuli, redio, kitambaa cha meza na jagi la kioo. Bwana Nassoro aliutazama mzigo, kisha akanitazama mimi.

"Unahama?"

"La, Bwana."

"Basi mbona umebeba nyumba?"

Hakunigombeza zaidi. Alinitwika mzigo wote, akaniambia niuzungushe soko. Wauza samaki walinishangilia kama bwana harusi. Niliporudi jagi halikuwamo tena, nililigawa njiani kwa hiari yangu. Fanyeni hivyo. Kabla hujamtwika mtu wala mnyama mzigo, uzungushe wewe kwanza, na juani.

Sasa tuje kwa Bi Sidi, na hapa ndipo mnapopenda kuangalia saa zenu.

Alikuja ofisini kabla ya masika, na masika yenyewe yalikuwa yamekawia. Joto la kuungua, vidimbwi vimekauka, wageni wamekwisha rudi kwao. Bi Sidi alikuwa mama wa Kigiriama kutoka Adu, mjane, mwembamba kama ufito, magoti yake yakilia kila anapoketi. Alikuwa amefikia kwa mwanawe Kazungu, fundi cherehani hapo Malindi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, akakaa, akasema anachotaka. Alitaka kupanda mlima Mangea kuomba, kama alivyopanda zamani na marehemu mumewe, na alitaka kuupanda pamoja na wanawe wote wawili, kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Akipandishwa na mmoja tu, alisema, heri abaki kwake.

Mangea uko kule ndani, magharibi ya msitu. Watu wa bara wakiuona husema ni kilima. Waacheni waseme. Kwa Wagiriama ni mahali pa kuombea, na watu hawaendi pale kupunga upepo.

Nilifurahi mpaka nikasimama. Mlima, hatimaye! Nikamwambia, "Bibi, hilo ni jambo dogo. Nitatafuta gari, litupeleke mpaka chini ya mlima, halafu..."

"Gari la nini?"

"Magoti yako, Bibi."

"Magoti ni yangu, wewe panga njia. Tutakwenda kwa miguu kutoka hapa. Mimi nitapanda punda pale nitakapochoka."

Bwana Nassoro, aliyekuwa akijifanya hasikii, akasema kutoka nyuma ya meza, "Athmani, si ulikuwa ukinililia mlima? Huo hapo."

Mwana wa pili, Charo, alikuwa mkulima kule Adu, na alipowasili ndipo nilipojua nimeingia wapi. Kazungu na Charo walikuwa hawasemezani tangu baba yao afariki. Mzee alikufa Adu, Charo akatuma ujumbe Malindi kwa mdomo wa mtu, ujumbe ukachelewa, na Kazungu alipofika alikuta kaburi limekwisha funikwa. Kazungu akasema, "Mmemzika baba yangu kama mmefukia mbwa, bila kuningoja." Charo akasema, "Mtu anayempenda baba yake haitwi kwa barua ya posta." Basi. Maneno hayo mawili yakakaa kati yao miaka, na mama akawa wa kugawana: miezi kwa huyu, miezi kwa yule, hajapata kula sahani moja na wanawe wote wawili.

Hebu fikirieni kuwapangia watu hao safari. Niliwaita wote ofisini tuzungumze chakula. Kazungu aliketi akatazama ukuta, Charo akautazama mlango.

"Athmani," akasema Kazungu, "mwambie huyo bwana mimi sili katika sufuria yake."

"Athmani," akasema Charo, naye yuko hapo hapo, wangeweza kugusana magoti, "mwambie fundi cherehani kwamba sufuria yangu sijamkaribisha."

Nikatia sufuria mbili. Charo akasema hatalala upande anaolala mwenzake, nikatia turubali la pili. Kazungu akasema hatembei nyuma ya mtu aliyemzika baba yake, na Charo hatembei nyuma ya mtu aliyechelewa. Nikamwuliza Bwana Nassoro kama kuna njia ambayo watu wawili wanaweza kwenda wote wakiwa wa mbele. Akaniambia nikapake punda mafuta ya kwato.

Ningeyamudu hayo yote. Kilichonishinda ni mtungi.

Nilikuwa nimepanga maji vizuri, kwa akili yangu yote. Madumu mazuri ya plastiki, yamefungwa sawa pande mbili za punda wangu, aliyeitwa Hodari, jina alilopewa kwa matumaini. Bi Sidi akayatazama akatikisa kichwa. Akasema maji ya kunywa sawa, lakini maji ya kuombea mlimani hayapandi mgongo wa mnyama. Ndiyo desturi. Yatiwe ndani ya mtungi wa udongo, mtungi uning'inizwe kwenye mpiko, ule mti wa kubebea mizigo mabegani, na mpiko ubebwe na watu wawili.

"Watu gani wawili, Bibi?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Mimi ni mzee. Wewe una punda. Wamebaki wangapi?"

Nilikwenda nyuma ya ofisi nikaupiga teke ukuta. Mtungi wa udongo! Safari ya siku kadhaa, njia ya mizizi na mawe, na maji ndani ya chombo ambacho kuku anaweza kukivunja! Lakini ni desturi ya watu, na mimi ni wa pwani, mambo yale si yangu, nitabisha vipi? Nikafanya kitu kimoja kwa siri. Nikajaza dumu moja dogo la ziada, nikalifukia chini ya gunia la unga, nisimwambie mtu. Maji ya dharura. Hilo ni wazo langu mwenyewe, hakunifundisha mtu, na nililionea fahari mpaka tulipofika.

Tukaondoka. Kuhusu mpiko nisikilizeni, maana hii ni kazi. Mzigo unaoning'inia kati ya watu wawili huteremka kwa aliye chini. Kazungu alikuwa mfupi, Charo mrefu kama mnazi. Tambarare, mtungi ulimfuata Kazungu kama ndama. Dawa yake ni kuchonga kijishimo katikati ya mpiko na kuzungusha kamba hapo, isiteleze. Na mkipanda mlima, mfupi akae mbele, mrefu nyuma, mpiko utalala sawa. Niliwaeleza hayo. Mnadhani walinisikia?

"Athmani, mwambie huyo aliye nyuma asinisukume."

"Athmani, mwambie huyo wa mbele mimi sisukumi, natembea kama mwanamume."

"Athmani, mwulize mguu wake wa kulia uko wapi!"

"Athmani, mwambie uko mwisho wa paja, kama wa watu wote!"

Jilore tulilala sufuria mbili, mioto miwili, na mimi katikati nikipeleka chumvi huku na huku kama balozi. Watu wa mji tuliofikia, yaani boma la wenyeji, walicheka mpaka wakalia. Mama mmoja akaniuliza, "Hawa wamekosana au ni wageni wa hoteli?" Bi Sidi alikula kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, kisha akalala kama mtoto. Yeye ndiye pekee aliyeonekana kuburudika na safari ile. Siku iliyofuata tulipita kando ya msitu kwenye mavi ya ndovu yaliyokuwa bado na mvuke, na hata hapo wale wawili walibishana, kwa kupitia kwangu, kama ndovu amekwenda mbele au amerudi. Nikasema moyoni, ndovu akitokea nitamwomba aje anipakate.

Nyika ilikuwa kavu kabisa. Visima tulivyovitegemea vilikuwa na tope, watu wenyewe wanachota kwa kata, ungeona haya kuomba. Madumu ya punda yalipungua haraka, mengi akinywa Hodari mwenyewe. Nikawa natazama mtungi wa Bi Sidi umejaa, unayumba mbele yangu, hauguswi, na koo langu linakwaruza.

Mlima ulipoonekana nilisahau kiu. Ulikuwa umekaa peke yake juu ya ile miti ya nyika, wa buluu kwanza, kisha wa kijani. Niliwaza nikifika juu nitaona mpaka bahari, nitaona kwetu kutoka huko, nitamwelezea shangazi. Nilikuwa nikiimba, jamani. Na ndipo nikasikia, "Athmani, mwambie amepoteza hatua," na, "Athmani, mwambie yeye amepoteza baba," na mpiko ukaanguka.

Mtungi haukupasuka kwa kelele. Ulilegea tu kama yai, maji yakaenea mara moja, ardhi ikayanywa, pakabaki vigae na alama nyeusi. Charo alikuwa ameshika ncha yake ya mpiko, Kazungu ameachilia yake. Bi Sidi, juu ya punda, alivitazama vile vigae kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Twendeni tu," na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimwonea huruma hata nikaionea haya hasira yangu mwenyewe. Charo alibeba mpiko peke yake begani, mtupu, sijui kwa nini. Nadhani aliogopa kuuacha mbele ya mama yake.

Chini ya mlima ulikuwepo mji wa mtunza mlima, Mzee Mwaringa. Tulimkuta akitia mpini jembe, na mpini hautaki, na yeye amekasirika kuliko sisi sote.

"Na nyinyi mna nini?" akauliza. "Kila mtu mvua ikichelewa anakumbuka mlima."

Bi Sidi akamweleza. Mzee akataja masharti: viatu vibaki chini, kila anayepanda avae shuka nyeusi, na mwenye neno na mwenzake hapandi mpaka alitoe. Kulitoa ni kwa maji. Unatia maji kinywani, unayatema chini, unasema kilichokuwa moyoni, na ukisema basi, hukirudii tena. Wao huita kuhatsa.

"Maji mmekuja nayo? Wake zangu wamekwenda kisimani tangu alfajiri, hapa hamna tone."

Nikaona nijitetee kabla sijalaumiwa. "Mzee, tulikuwa na mtungi, umevunjika. Tungeyaleta kwa punda yangefika, lakini kwa ile desturi yenu ya kwamba maji hayapandi mgongo wa mnyama..."

"Desturi ya nani?"

"Yenu, Mzee."

"Nani kakwambia? Watu huleta maji hapa kwa punda, kwa mkokoteni, kwa baiskeli. Mwaka juzi mtu kaleta ndani ya chupa ya soda."

Niligeuka. Kazungu aligeuka, Charo aligeuka. Bi Sidi alikuwa akitazama juu ya mlima kama mtu anayetafuta mawingu.

"Mayo," akasema Charo polepole, ndivyo wanavyomwita mama, "kwa hiyo mtungi ule..."

"Athmani," akasema Bi Sidi, naye sasa ananitumia mimi! "Lete lile dumu ulilolificha chini ya unga."

Wallahi nilitaka kulia. "Bibi, yale ni maji ya dharura! Ndiyo yatakayoturudisha!"

"Na hii ni nini?"

Nikalileta. Mnajua kuona maji yako ya dharura yanatemwa chini? Charo alitia kinywani, akatema, akasema bila kumtazama mtu, "Nilingoja. Nilisimama barabarani mpaka wazee wakasema maiti haingoji jua. Nikatamani utokee. Hukutokea, nikaona umeniachia kaburi peke yangu. Basi." Kazungu naye akatia, akayashikilia kinywani muda mrefu mpaka mashavu yakatetemeka, akatema. "Nilikuja nikikimbia kutoka pale basi lilipokwama. Nikaona udongo umelowa. Sikujua nimkasirikie nani, nikachukua aliyekuwa karibu. Basi." Bi Sidi akatema kimya, alilosema alilisema kwa Kigiriama chinichini, na wanawe wote wawili wakainamisha vichwa.

Nikaanza kufunga dumu.

"Na wewe," akasema Bi Sidi.

"Mimi? Mimi sina neno na mtu."

"Umenung'unika tangu Malindi."

Nikasema Bismillahi kimoyomoyo, nikatia maji kinywani, na huku nayatamani kuyameza nikayatema. Kisha nikasema. Nilisema sufuria mbili! Mioto miwili! Nilisema nimetumwa "mwambie, mwambie" mpaka naota usingizini naambiwa mwambie! Nilisema mtungi wa udongo, katika ulimwengu wenye plastiki! Nilisema magoti yake yangekuja kwa gari! Nilisema Hodari amekunywa zaidi yangu! Nikaishiwa pumzi. Halafu Mzee Mwaringa akaweka jembe chini akaanza kucheka, Kazungu akacheka, Charo akacheka akijipangusa macho kwa shuka aliyoazimwa na Mzee, na Kazungu akamshika bega asianguke. Nikasema, "Basi," maana ndiyo masharti.

Palibaki kidogo kwenye dumu. Bi Sidi akalikumbatia, hayo ndiyo ya kuombea juu.

Lakini alipojaribu kuanza mwinuko wa kwanza, goti lilikataa. Alijaribu la pili, nalo likakataa. Punda hapandi pale, hilo Mzee Mwaringa alisema ni desturi kweli, na alinitazama mimi alipokuwa akilisema. Bi Sidi alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amelipata lile alilolitaka zaidi, na sasa nusu nyingine ilikuwa inamponyoka.

Charo alikuwa bado na mpiko begani.

Walitandika shuka mbili nyingine za Mzee, wakafunga ncha zake kwenye mpiko, machela ikapatikana. Nilichonga kijishimo kwa kisu changu kamba isiteleze, sasa walinisikia. Kazungu mfupi mbele, Charo mrefu nyuma. Wakamwinua mama yao, na dumu kifuani mwake, wakaanza kupanda bila viatu, Mzee Mwaringa mbele yao.

Na mimi? Niliwafuata hatua mbili, tatu, tayari kuiona bahari. Mzee Mwaringa akageuka. "Punda utamwachia nani? Yule atakula mtama wangu wote."

Ndiyo, vijana. Nimepanga safari ile, nimevumilia yale yote, na mlima sikuupanda. Nilibaki chini nimeshika kamba ya Hodari, koo kavu, hata tone sina, nikiangalia miguu yao ikipotea kwenye majani. Nilikuwa na hasira mpya kabisa, na maji ya kuitema hayapo. Halafu nikasikia sauti kutoka juu.

"Wewe! Unanisukuma!"

"Sikusukumi, unapanda kama konokono!"

"Mguu wako wa kulia uko wapi?"

"Mbele ya wako!"

Nilisubiri nisikie jina langu. Sikulisikia. Waligombana hivyo mpaka sauti zikaisha juu, wenyewe kwa wenyewe, na hakuna aliyeniomba nimwambie mtu chochote. Nilikaa chini karibu na Hodari, nikacheka peke yangu mpaka midomo ikapasuka.

Mmeuliza maji kiasi gani kwa kila mtu. Hesabuni ya kunywa, ya kupikia, na ya mnyama, mzidishe. Halafu, kama mnakwenda na watu wa familia moja, jazeni dumu jingine dogo la kutema, na msilifiche chini ya unga. Mama yao atajua liko wapi.